Kushuka Lushoto hadi Moshi: mwongozo kamili wa siku ya mwisho ya msafara wa pikipiki

Siku ya mwisho ya msafara wa pikipiki milimani ndiyo hupangwa vibaya kuliko zote. Ratiba huiita "siku ya kurudi", kana kwamba kazi iliyobaki ni kuhamisha vyuma tu. Kumbe ndiyo siku ambayo pedi za breki zimebaki nyembamba, cheni imelegea, viganja vimechoka, na nusu ya waendeshaji wameshafika nyumbani kwa mawazo. Kwa anayemalizia ziara ya Usambara Magharibi kuna la ziada: siku hiyo inaanza na mteremko mrefu kuliko yote mliyopita kwenye lami.

Mwongozo huu unafuata njia moja: Lushoto, Soni, Mombo, Same, Mwanga, njia panda ya Himo, Moshi. Ni takriban kilomita 240, zote lami. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; Mombo, kilomita 33 chini yake, uko mita 400 na kidogo. Kwa hiyo saa ya kwanza mnashuka mita 1,000 hivi kwenye kona, na saa nne zinazofuata ni tambarare, jua na upepo. Hizo ni barabara mbili ndani ya siku moja, na maandalizi ya moja hayatoshi kwa nyingine.

Jambo la kuamua mapema kabisa ni mahali pa kulala usiku wa mwisho. Lala Lushoto. Misafara inayolala Mtae ili watu wapate machweo huanza siku ya mwisho na saa mbili au tatu za vumbi kabla hata ya kuiona lami, kisha ndipo ukaja mteremko, kisha tambarare. Machweo ya Mtae ni mazuri, lakini yawekwe siku ya tatu au ya nne.

Jioni ya kuamkia: ukaguzi

Kagua pikipiki jioni mnapofika, si asubuhi. Cheni bado ina moto na inapokea mafuta vizuri, maduka ya vipuri yako wazi, na kama kuna kitu cha kufungua, muda upo. Vipuri vya Boxer na TVS hupatikana bila shida kubwa. Ukiwa na pikipiki kubwa za kigeni, hesabu kile tu mlichobeba kwenye gari la msafara.

Anza na breki za diski. Elekeza taa ya simu ndani ya kalipa, yaani kibano kinachoshika diski, uangalie unene wa pedi bila kuhesabu bati lake. Watengenezaji wengi huruhusu pedi ichakae hadi milimita 1 au hadi mfereji wake wa alama ufutike. Kwa mteremko huu, yenye milimita 2 ibadilishwe jioni hiyo hiyo. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni ya kalipa, na kutoka hapo joto huingia kwenye mafuta ya breki.

Mafuta hayo nayo yatazamwe kwenye kidirisha cha kikombe chake. Yakiwa na rangi ya chai nzito, yamezeeka na yamenyonya maji. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: mkono wa breki unakuja hadi kwenye mpini na pikipiki haisimami. Mkono ukiwa laini jioni, toa hewa na uweke mafuta mapya kutoka kwenye chupa ambayo haijawahi kufunguliwa. Chupa iliyokaa wazi mwezi mzima kwenye boksi la vifaa imeshanyonya maji.

Breki za nyuma za drumu zina mshale mdogo kwenye mkono wake. Kanyaga breki, mshale ukifika alama ya mwisho, lining imekwisha, na kukaza nati hakutasaidia. Kama bado, rekebisha nati hadi pedali iwe na uhuru wa milimita 20 hadi 30 kabla haijashika. Kisha nyanyua gurudumu la nyuma na ulizungushe kwa mkono. Drumu iliyokazwa mno itajichoma yenyewe kabla ya Soni.

Cheni: tafuta sehemu iliyokaza zaidi kwa kuzungusha gurudumu, pima hapo, ufuate kipimo kilichobandikwa kwenye mkono wa nyuma wa pikipiki. Za mjini huwa 20 hadi 30 mm, zenye shokapu ndefu za nje ya lami huenda 40. Wengi hupima sehemu iliyolegea, wanakaza, halafu wanashangaa beringi ya sproketi ikianza kulia njiani. Mafuta ya gia namba 90 kwa brashi yanatosha, na kwa kuwa kesho hakuna vumbi, usiyafanyie ubahili.

Kisha boliti. Siku tano za mawe hulegeza keria ya mizigo, vikanyagio, mabano ya ekzosi na kibao cha namba. Spana za 8, 10, 12, 14 na 17 zinamaliza karibu kazi yote. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Spoki mbili butu zinazofuatana zishughulikiwe usiku huo.

Kama kabureta iliwekewa jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi kwa ajili ya mwinuko, rudisha ya zamani kabla ya kushuka. Hewa ya Mombo ni nzito kuliko ya Lushoto. Jeti ndogo itatoa petroli pungufu kwa hewa hiyo, na injini itachemka tambarare. Ambao hawakugusa kabureta wala wenye sindano za petroli hawana la kufanya.

Kikao cha dakika kumi na tano

Kifanyike baada ya chakula cha jioni, watu wakiwa wameketi. Asubuhi hakuna anayesikia kitu akiwa na helmeti kichwani. Kiongozi aseme mambo haya tu: saa ya kuondoka, vituo vitano (Soni, Mombo, Same, Mwanga, Moshi), nani anaongoza, nani anafunga msafara kwa kukaa wa mwisho, na kwamba hakuna kupitana hadi Mombo. Aulize pia, bila kumtaja mtu, nani mkono unamuuma, nani hakulala vizuri, nani ana kizunguzungu. Asiyetaka kusema mbele ya wenzake afuatwe pembeni. Waendeshaji wakongwe ndio hufichaficha zaidi.

Na swali la ndege liulizwe hapo. Mwenye tiketi ya ndege ya kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, jioni ya siku hiyo hiyo atakuwa anaangalia saa badala ya kona. Ndege iwe kesho yake. Ikishindikana kabisa, mtu huyo apande gari la msafara na pikipiki yake iendeshwe na msaidizi.

Asubuhi: saa moja na nusu, si saa tatu

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Kuondoka Lushoto saa 1:30 asubuhi. Soni saa 2:00, kusimama dakika 15. Mombo saa 2:45, kusimama nusu saa. Same saa 5:00, chai na petroli. Mwanga saa 6:30. Moshi kati ya saa 7:30 na saa 8:00 mchana. Jua linazama baada ya saa 12:00 jioni, kwa hiyo mna akiba ya saa nne. Akiba hiyo haitumiki kwa kutalii. Ni ya pancha, klachi iliyokatika, na saa moja ya kungoja lori lililoziba barabara.

Mkiondoka saa tatu kwa sababu chai ilichelewa, mnaingia Same na Mwanga jua la utosi, na saa moja na nusu ya akiba imeliwa na mikate.

Kabla ya kuwasha, pima upepo wa tairi zikiwa baridi. Kama mlipunguza hadi 18 au 20 psi kwa ajili ya njia za mawe, rudisheni kipimo cha lami kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kwa pikipiki nyingi za aina hii kipo kati ya 22 na 33, na cha nyuma mara nyingi ndicho kikubwa. Tairi laini kwenye lami ya moto hupinda ubavu, huchemka, na tyubu hukatwa na valvu. Kuna anayeuliza kama kushuka mita 1,000 kunaharibu kipimo. Mwinuko ukipungua geji husoma chini kwa takriban psi 1.5, lakini joto la tambarare hupandisha psi 2 hivi. Vinafutana. Acheni kama ilivyo.

Vaa kwa tabaka. Miezi ya Juni hadi Agosti asubuhi ya Lushoto ni baridi hasa kwa mtu wa pwani, na saa moja baadaye Mombo unatoka jasho. Glavu nzito zikae juu ya begi, nyepesi zikae mfukoni. Maji lita 2 kwa kila mtu kabla ya Same, si ndani ya gari la msafara bali mgongoni kwake.

Mteremko: Lushoto, Soni, Mombo

Barabara ni nyembamba, ina kuta za mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Basi za abiria, Coaster, malori ya mbogamboga na bodaboda zilizopakia mbao zinapanda mnapotelemka. Sehemu ya pili, Soni hadi Mombo, ndiyo yenye kona za kubana na mteremko mkali. Basi msiimalizie nguvu sehemu ya kwanza.

Endesheni kwa mstari mmoja, sekunde tatu hadi nne kati ya pikipiki na pikipiki. Aliyechoka au mgeni zaidi akae nyuma tu ya kiongozi. Akiwekwa katikati atakuwa anawakimbiza walio mbele yake, na akiwekwa nyuma atajiona anachelewesha watu naye ataongeza mwendo mahali pasipofaa. Kiongozi atembee kwa mwendo wa huyo mmoja. Kundi likizidi watu saba kwa kiongozi mmoja, ligawanywe mawili na kila moja liwe na mfunga msafara wake, tofauti ya dakika tano.

Gari la msafara libaki nyuma. Kulituma mbele Mombo likaandae matunda kunapendeza, lakini hapo vifaa, fundi na sanduku la huduma ya kwanza vinakuwa chini ya mlima wakati mwenye shida yuko juu.

Sasa gia. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia kilima hicho: ya tatu sehemu zilizonyooka, ya pili kwenye kona kali. Ukiachia mafuta na mwendo ukabaki palepale au ukapungua polepole, gia ni sahihi. Ukiongezeka, teremsha moja zaidi, na uiteremshe kabla ya kona ukiwa wima. Kubadilisha gia ndani ya kona yenye unyevu hukwamisha gurudumu la nyuma na mkia unahama.

Usitembee friii. Kuweka neutro au kuzima injini mteremkoni ni tabia ya kubana mafuta, na kwa pikipiki yenye sindano za petroli haibani chochote: ukiachia eksileta ukiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli kabisa, ilhali kwenye neutro inaendelea kumwaga kidogo ili injini isizime. Unapoteza breki ya injini na bado unalipia. Kushika klachi muda wote wa kona ni kosa lile lile, na watu wengi hawajui kuwa wanalifanya.

Breki zitumike kwa vipande: bana kwa uthabiti, punguza mwendo, achia kabisa zipoe, kisha kona. Anayegusa breki kidogo kidogo kilomita nzima anazipika. Ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ya nyuma peke yake huchemka na kuteleza. Mfunga msafara ndiye mwenye macho hapa. Taa ya breki ya mtu ikibaki inawaka kona tatu mfululizo, amsimamishe Soni wazungumze.

Dalili za breki zilizopikwa ni harufu kama ya klachi iliyoungua, mkono unaozidi kusogea kwenye mpini, na diski iliyogeuka buluu. Ukiziona, bana mara mbili tatu haraka kurudisha msukumo, teremsha gia, simama mahali wazi upande wa kushoto, usubiri dakika 20. Usimwage maji. Diski ya moto ikimwagiwa maji hupinda, drumu inaweza kupasuka. Zikipoa zitashika tena, lakini mafuta yaliyokwisha kuchemka yabadilishwe kabla pikipiki haijapangishwa kwa mtu mwingine.

Kwenye kona, kaa kushoto na kichwa chako pia kikae kushoto. Pikipiki inaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa na bega vimeinamia upande wa lori linalopanda. Piga honi kabla ya kona usiyoona mwisho wake, kisha usikilize. Tazama mwisho wa kona, si kingo ya bonde, kwa sababu pikipiki huenda macho yanakokwenda. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na tena vuli, mawe na tope huporomoka kutoka kwenye kingo zilizochimbwa. Mvua ikiwa imenyesha usiku, kiongozi atangulie na msaidizi mmoja hadi Soni, apige simu, ndipo kundi lianze. Majani ya mikaratusi yaliyolowa huteleza kama sabuni, na hujaa zaidi kwenye kivuli, ambako lami hukauka mwisho.

Soni simameni hata kama hakuna aliyeomba. Pitisha kiganja karibu na kila diski na kitovu cha gurudumu bila kugusa. Ukilinganisha pikipiki kwa pikipiki, yenye breki inayokwama hujulikana mara moja. Hapo pia ndipo inapochepuka barabara ya Bumbuli, kwa hiyo mtu mmoja asimame kwenye njia panda hadi mfunga msafara apite. Mtindo huo wa kuacha alama utumike kila njia panda ya siku: anayemfuata kiongozi anabaki, anaonyesha njia, anaungana tena na kundi akiwa mbele ya mfunga msafara. Hakuna anayebaki kwa hiari yake na hakuna anayeondoka kabla hajamwona mfunga msafara.

Mombo: badilisha kila kitu

Kuingia barabara kuu mnakata kulia, mkivuka njia ya magari yanayotoka Moshi, na mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hayapunguzi mwendo kwa sababu ya pikipiki sita. Msivuke kama kundi. Kila mmoja aamue kwa macho yake, wakutane mbele mahali palipotajwa usiku uliopita. Mtu akivuka kwa kuamini macho ya aliye mbele yake, pengo lilikuwa la huyo wa mbele, si lake.

Nusu saa ya Mombo: vua tabaka la ndani, badilisha glavu, kunywa nusu lita, weka petroli. Fanya hesabu. Pikipiki ya cc 250 yenye tangi la lita 7 au 8 inayotumia lita moja kwa kilomita 30 haifiki Moshi kwa tangi moja la Lushoto. Wote wajaze Mombo au Same, hata wenye tangi kubwa, ili kundi lisisimame mara mbili kwa ajili ya sheli.

Tambarare: Mazinde, Hedaru, Makanya, Same

Mashamba ya mkonge yanaanza, Usambara kisha Upare vikiwa kulia kwenu. Sasa mpango wa kundi ubadilike. Kiongozi akae upande wa kulia wa njia yenu, wa pili kushoto, wa tatu kulia: sekunde moja nyuma ya aliye upande wa pili, sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yako moja kwa moja. Kundi linakuwa fupi, na kila mmoja ana nafasi ya kukwepa. Kwenye vijiji, kona na wakati wa kupita lori, rudini mstari mmoja. Kupita lori kuwe kwa mtu mmoja mmoja. Aliyeshapita aendelee kusonga ili aache nafasi ya kurudi kwa anayefuata.

Mwendo wa 80 unatosha. Ndani ya vijiji ni 50, tochi zipo, na kibao cha kuondoa kikomo wakati mwingine kimefichwa na mti. Ukikikosa, endelea na 50 hadi nyumba ziishe. Leseni yenye daraja A, kadi ya pikipiki na bima vikae mfuko mmoja wa juu, si chini ya begi lililofungwa kwa kamba sita. Kundi likisimamishwa, azungumze kiongozi peke yake, injini zikiwa zimezimwa.

Matuta yanachosha kuliko kona. Funga breki kabla ya tuta, achia gurudumu la mbele kabla halijagusa ili shokapu ya mbele inyanyuke, simama kidogo kwenye vikanyagio. Anayepanda tuta breki zikiwa zimebanwa anapiga shokapu hadi chini, na baada ya matuta thelathini sili ya shokapu inaanza kuvuja.

Ng'ombe na mbuzi: punguza mapema, pita nyuma ya mnyama. Anayetazama mbele ataendelea mbele. Ndama aliyeachwa upande mmoja na mama yake upande mwingine atavuka, hilo halina mjadala.

Upepo wa pembeni huja kwenye mapengo ya milima, na kati ya Same na Mwanga ndipo husumbua. Bana tangi kwa magoti, legeza mikono, acha pikipiki iiname kidogo upande upepo unakotoka. Mkono ukikaza, kila msukumo wa upepo unafika kwenye usukani. Basi linalokuja mbele linakusukuma kwanza kisha linakuvuta. Sogea katikati ya njia yako kabla halijafika, usikae kwenye mstari wa kati wala ukingoni.

Same ni kituo kirefu. Wali au chapati, siyo sahani ya kusinzisha, na bia hakuna hadi funguo zirudishwe. Hapa kiongozi amtazame kila mtu anavyoshuka. Anayesahau kuteremsha stendi, anayekosa gia, anayefika kwenye tuta akiwa na kasi, anayejibu swali baada ya kimya: huyo amechoka. Alale dakika 20 kivulini. Ikiwa bado, gari la msafara lina kiti.

Pancha na ajali

Pancha kwenye tambarare isichukue zaidi ya dakika 40. Beba tyubu moja ya mbele ya inchi 21 na moja ya nyuma ya inchi 18, lakini jua kwamba ya 21 inaweza kuingizwa kwenye rimu ya 18 ikafika salama mjini kwa mwendo wa 60. Ya 18 haiingii kwenye 21. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi kutafuta mwiba. Miiba ya migunga ya huko huvunjika ndani na kutoboa tyubu ya pili baada ya kilomita tano. Wengine wasimame mbali na lami, kivulini, wasiwe duara la washauri.

Mtu akianguka, kazi ya kwanza ni magari yanayokuja. Watu wawili waende mita 100 kila upande, na pembetatu au matawi ya miti barabarani kama ilivyo desturi. Injini izimwe. Helmeti isivuliwe ila kama hapumui au anatapika, na ikivuliwa, wawe wawili, mmoja ameshika shingo. Namba ya dharura ni 112. Mlimani, hospitali iliyo karibu ni ya wilaya ya Lushoto. Mkiwa kati ya Hedaru na Mwanga ni ya Same. Kwa jeraha kubwa la kichwa au mgongo lengo ni hospitali ya KCMC, Moshi. Aliyegonga kichwa haendeshi tena siku hiyo hata akisema yuko sawa. Mkimaliza, ondoeni matawi barabarani.

Njia panda ya Himo

Kushoto ni Moshi, kulia ni Holili na Taveta. Kama kuna Wakenya wanaorudi nyumbani na pikipiki zao, hapa ndipo kundi hukatika, na hapa ndipo huvurugika: watu wanakumbatiana ukingoni mwa lami, simu zimetoka, pikipiki mbili ziko nusu barabarani. Muagane Mwanga kwenye chai. Himo iwe honi na mkono tu. Wanaovuka wawe na kadi ya pikipiki, kibali cha muda cha chombo walichopewa wakati wa kuingia, na bima ya COMESA, maarufu kama kadi ya njano. Kibali kisiporudishwa forodhani kinabaki wazi kwa jina la mwenye chombo. Mfunga msafara mmoja awasindikize hadi mpakani ikiwa ni watu wawili au pungufu.

Waliobaki, kilomita hizi 27 hivi za mwisho ndizo zenye bodaboda nyingi, daladala zinazosimama ghafla na watu wanaoangalia kushoto, kulia, kisha juu. Kilimanjaro mchana mara nyingi umejifunika wingu, na atakayeutafuta akiwa kwenye mwendo hatauona wala hataiona daladala. Kiongozi achague mahali pamoja pa picha, atangaze, asimame hapo.

Kukabidhi

Acha injini zipoe nusu saa kabla ya kuosha. Mashine ya maji isielekezwe kwenye beringi za magurudumu, kichujio cha hewa wala cheni. Baada ya kuosha ndipo ukaguzi, kwa kulinganisha na picha za siku ya kwanza, mwendeshaji akiwepo: mikono ya breki na klachi, saidimira, indiketa, vikanyagio, ekzosi, rimu zote mbili kwa kuzizungusha na kutazama pengo dhidi ya kalipa, kilomita kwenye mita, petroli. Kilichovunjika kiandikwe na bei yake itajwe hapo hapo, na amana irudishwe siku hiyo. Ugomvi wa amana huanza pale ukaguzi unapofanywa kesho yake mtu akiwa ameshaondoka.

Bakshishi ikusanywe na mmoja wa wageni kabla ya Moshi, kwa bahasha tatu: ya kiongozi, ya fundi, ya dereva wa gari. Ikipewa yote kiongozi mbele ya watu, fundi aliyelala saa sita usiku akitoa hewa kwenye breki hutegemea moyo wa mwenzake.

Mwisho, fundi na kiongozi wakae na daftari saa moja kabla ya kuagana: pikipiki namba ngapi ilikula pedi kuliko nyingine, ipi ilinywa oili, spoki zipi zilikazwa, kona ipi ilikuwa na mawe. Oili ya injini imwagwe ikiwa bado na uvuguvugu, na sumaku ya boliti ya kumwagia, kwa zile zilizo nayo, ifutwe kwa kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vinamaanisha pikipiki hiyo haipandi Lushoto wiki ijayo.